Njia Ina Treni

Chumba cha nyuma katika nyumba ya mzee aliyeitwa Juu hakikuwa na kitanda. Kilikuwa na meza iliyofuata kuta tatu, na juu ya meza hiyo kulikuwa na stesheni nzima: ofisi yenye paa la bati la makopo, tangi la maji, jukwaa, mabenchi ya njiti za kiberiti, na reli zilizolazwa juu ya mataruma ya mbao aliyoyachonga moja moja kwa kisu cha fundi viatu. Injini iliendeshwa na mota iliyong'olewa kwenye redio ya kaseti. Madirisha ya mabehewa aliyakata kwenye picha za eksirei zilizotupwa na hospitali, baada ya kuzilowesha katika dawa ya kufulia mpaka weusi ukatoka. Haukutoka wote. Ukiinama na kuchungulia, kwenye dirisha moja au mawili ungeona mbavu za mtu.

"Kwa nini usitumie plastiki kama watu wengine?" mkewe aliwahi kumuuliza.

"Plastiki inapinda. Hii haipindi."

Jibu lilikuwa la kweli, na kwa Juu jibu la kweli lilitosha.

Juu halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alikuwa stesheni masta wa stesheni ndogo mlimani, na stesheni iliyofuata, bondeni, ilikuwa na mwenzake. Kila siku ya kazi waliinua simu, huyu akisema "Juu hapa," yule akijibu "Chini hapa," na majina yakawaganda kiasi kwamba hata wake zao waliyatumia. Kati ya stesheni hizo reli ilikuwa moja tu, na treni zilikuja kutoka pande zote mbili. Kilichozuia zisikutane uso kwa uso kilikuwa fimbo ya chuma isiyozidi urefu wa kutoka kiwiko hadi kiganja.

Kila stesheni ilikuwa na sanduku jekundu lililojaa fimbo hizo, na masanduku mawili yaliunganishwa kwa waya. Dereva hakuingia njiani bila fimbo mkononi. Fimbo moja ikishatoka katika sanduku lolote, yote mawili yalijifunga. Ungevuta mpaka ukatokwa na jasho, nyingine haikutoka mpaka ile ya kwanza irudishwe, huku au kule. Na kabla ya kutoa fimbo, stesheni masta alimwomba mwenzake kwa kengele. Kila aina ya treni ilikuwa na milio yake. Aliyekubali aliirudisha milio ileile kama alivyoisikia. Aliyekataa alinyamaza. Hakukuwa na mlio wa kukataa. Kimya ndicho kilichokuwa kukataa.

Reli ilipofungwa na vyuma vyake kuuzwa kama chakavu, wazee hao wawili waliomba masanduku yao wakapewa. Tayari walikuwa wamejenga nyumba zilizopakana kwa ukuta mmoja mrefu wa matofali. Wakatoboa tundu katika chumba cha Juu na jingine katika stoo ya Chini, wakalaza reli juu ya ukuta kutoka tundu hadi tundu, wakaifunika kwa bati lililokunjwa kama mfereji uliopinduliwa ili mvua isiiharibu. Treni ikishaingia chini ya bati hilo, hukuiona tena mpaka itokee upande wa pili. Fimbo ilisafiri ndani ya behewa la mwisho, lisilo na paa. Kengele zilipigwa kama zilivyopigwa kazini, bila kupunguza wala kuongeza.

"Watu wazima na mvi zao," mke wa Juu alikuwa akisema. Alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, kwa hiyo alisikia kila kitu. "Wanaombana ruhusa ya kupitisha makopo ya maziwa."

"Makopo hayo yakigongana utayatengeneza wewe, shemeji?" Chini alijibu kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Mna treni moja nyinyi! Igongane na nani?"

"Hilo si letu kujua," Chini akasema, na kwa sauti yake hakuwa anatania.

Chini alikufa mchana wa jua kali, treni ikiwa njiani.

Mambo yalikwenda hivi. Juu aliomba, Chini akakubali. Juu alitoa fimbo, akaiweka katika behewa la mwisho, akawasha mota, akapiga kengele kusema treni imeondoka. Chini akajibu. Treni ikaingia tunduni. Baada ya hapo ulipaswa kuja mlio wa kusema imefika, nao haukuja. Juu alisubiri, kwa kuwa maisha yake yote kazi yake ilikuwa kusubiri, kisha akatoka, akazunguka hadi mlangoni kwa mwenzake na kumkuta ameketi kitini, kidole juu ya kitufe cha kengele, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Daktari alisema ni moyo.

Treni haikuwepo. Haikutokea upande wa Chini wala haikurudi upande wa Juu. Baada ya maziko Juu alimulika ndani ya bati kwa tochi, kwanza kutoka kwake, kisha kutoka kule, na mara zote mbili aliona mwanga wa tundu la mbele bila kizuizi. Akatafuta maelezo yanayowezekana, akayapata: msibani watu ni wengi, na mikono ni mingi zaidi ya watu. Mjane alihamia kwa binti yake katika mji mwingine na kumwachia Juu ufunguo. Nyumba ikafungwa. Sanduku la Juu nalo likabaki limejifunga, na katika kidirisha chake kidogo yakabaki maneno meupe: NJIA INA TRENI.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Juu alianza kutengeneza mabehewa mengine.

Kengele ililia mchana, mkewe akiwa kwenye mashine, yeye akipaka mlango rangi ya kijani. Ulilia mlio mmoja, wa kuita. Kisha miwili kwa pamoja, kisha mitatu. Ule wa mwisho ulikuwa hafifu kuliko mingine. Chini alikuwa na kidole kibovu, kilichobanwa na mlango wa behewa siku za ujana wake, na miaka yote mlio wake wa mwisho ulitoka umechoka.

Mashine ya kushona ikasimama.

"Baba," mkewe akaita. "Hilo dude limelia, au ni masikio yangu?"

"Limelia."

"Nani yuko kule?"

"Hakuna mtu. Ufunguo ninao mimi."

Aliifuta brashi ya rangi, akaufunika mkebe, akaenda. Mlango wa Chini ulikuwa umefungwa vilevile. Ndani ya stoo kulikuwa na joto na harufu ya magunia. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kitufe cha kengele kama unga, laini, halijaguswa. Akaweka kidole, kikaacha alama, na akaona kwamba alama ya kwanza tangu siku ya msiba ilikuwa ya kwake. Akakagua waya toka mwanzo hadi mwisho. Haikugusa kitu. Unyevu unaweza kupiga kengele, aliwaza akirudi, lakini unyevu haujui kuhesabu.

Mkewe alikuwa amesimama katika mlango wa chumba cha nyuma, sindano imechomekwa kifuani kwenye gauni.

"Ile miwili na mitatu ndiyo nini?"

"Injini tupu. Haivuti kitu."

"Kama haivuti kitu, inakuja kufanya nini?"

"Kuchukua. Injini tupu hutumwa ikiwa upande huu kuna kilichobaki. Behewa, au abiria."

Mkewe akaitazama stesheni ya mezani. Jukwaa lilikuwa tupu. Juu hakuwahi kutengeneza watu, alisema hawezi kuwapatia nyuso. Kisha akaitazama nyumba, sebule, korido, mlango wa jikoni. Ndani yake walikuwa wawili tu.

"Amekuja kukuchukua wewe," akasema taratibu. "Mlikuwa kama kidole na kucha."

"Hajaja. Ameomba."

"Ulimjibu?"

"Njia ina treni. Siruhusiwi kumjibu."

"Basi kata hiyo waya, tulale!"

Juu akasogeza kiti, akaketi, akamweleza kama alivyowaeleza makarani wapya zamani. Kila sanduku lina mshale unaoonyesha kama waya ni nzima. Waya ikikatika, mshale unaanguka pande zote mbili, na mtu wa kule anajua kuna hitilafu. Hapo sheria haimwachi akwame. Inamruhusu kutuma treni polepole, bila fimbo, bila kuomba.

"Waya ndiyo inayomfanya aombe," alimaliza.

"Anayeomba ni nani?"

"Sijui. Ila anafuata sheria."

Mkewe alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa na kuona hakitoshi. "Wewe na sheria zako. Mwenzako alikufa treni iko njiani, hajapiga imefika. Roho yake imekwama palepale. Anachotaka ni mumalize, apumzike. Hata mtoto angeliona hilo."

"Milio yake haisemi hivyo. Milio yake inasema injini tupu."

"Milio, milio! Mtu si milio, baba."

Hawakukubaliana. Kengele ilirudi tena na tena, siku zisizolingana, mchana daima, na daima ule mmoja, miwili, mitatu, wa mwisho ukichoka. Juu aliacha alichokuwa akifanya, akasimama mbele ya sanduku mikono nyuma, akanyamaza mpaka ikome. Hakuogopa sana kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa mzee, na aliwahi kujisemea kwamba siku njia ikiwa wazi angejibu tu kama kawaida, kwa kuwa stesheni masta hana sababu ya kukataa isipokuwa njia kuwa na treni. Lakini alipomsikia mkewe sebuleni akikanyaga mashine, akiimba puani, aliona afadhali njia isiwe wazi bado. Mkewe kwa upande wake alikonda. Alianza kuacha mishono ikipinda, jambo ambalo wateja wake hawakuwahi kuliona. Wakati mwingine alisimama nyuma ya mumewe kengele ikilia, midomo yake ikienda pamoja na milio.

Siku moja Juu alikwenda mjini kununua betri na bati jembamba. Aliporudi alikuta ngazi imeegemezwa kwenye ukuta na fundi bati ameketi juu yake, nyundo mapajani, akila ndizi.

"Shikamoo, mzee. Pole na safari."

"Marahaba. Nani amekuita?"

"Bibi. Amesema nifungue bati moja katikati, kuna treni imepotea." Fundi akacheka. "Nimezibua mabomba, nimeziba mapaa, nimewatoa paka. Treni ndiyo mara ya kwanza. Na nimeipata! Ilikuwa hapahapa, imetulia kama mgeni. Haina hata vumbi."

"Nilimulika humo," Juu alisema.

"Basi tochi yako haina macho, mzee. Ila vioo vyake vilikuwa na mvuke kwa ndani. Umeweka nini humo, sufuria?"

Juu alikuwa ameshaingia ndani.

Treni ilikuwa mezani, injini na mabehewa yake yote. Madirisha yalikuwa yanakauka taratibu kutoka pembeni. Behewa la mwisho lilikuwa tupu. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mumewe, mbele ya sanduku, mikono magotini, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi nzito.

"Fimbo iko wapi?"

"Nimeirudisha sandukuni. Nimekuona ukifanya hivyo miaka yote, si kazi. Imelia ka! na maandishi yakageuka, njia wazi." Akatabasamu. "Nilitaka ukirudi ukute umetua mzigo. Basi kengele ikaanza, baba, tena siyo kama siku zote. Ilikuwa haikomi. Inarudia, inarudia, mpaka kichwa kikawa kinataka kupasuka."

"Ukafanya nini?"

"Nikamrudishia milio yake, kama wewe ulivyokuwa ukimrudishia. Akanyamaza papo hapo. Sikukwambia? Alichotaka ni..."

Sanduku likalia ka. Hakuna aliyeligusa. Katika kidirisha maandishi yakageuka: NJIA INA TRENI. Kule, katika nyumba iliyofungwa, fimbo ilikuwa imetolewa. Kisha kengele ikapiga milio ya kusema imeondoka, taratibu, wa mwisho ukichoka.

Mwanzoni Juu alisikia mashine ya kushona tu, na akashangaa, kwa kuwa mshonaji alikuwa mbele yake. Haikuwa mashine. Mlio ulitoka ndani ya bati, mbali, upande wa Chini: mpumuo mmoja mzito, kimya, mpumuo mwingine. Hakuna mota ya redio ya kaseti inayoweza kutoa sauti ile. Aliijua. Ni injini ya mvuke ikianza kupanda mlima ikiwa haijashika kasi.

"Baba," mkewe akasema. Tabasamu lilikuwa limeondoka. Alikuwa ameshika kifua. "Pumzi yangu. Inakwenda huko."

Hapo Juu aliona alichokuwa amekosea. Siku zote alihesabu kwamba injini inakuja kwa ajili yake, kwa sababu mwenzake alikuwa rafiki yake. Huko kulikuwa kufikiri kwa moyo, na kwa moyo alikosea. Treni huja kwa aliyeikubali. Urafiki hauingii.

Kulikuwa na ishara moja iliyobaki, milio sita mfululizo: hatari, simamisha, njia imeziba. Mkono wake ulifika kwenye kitufe, ukasita. Maisha yake yote hakuwahi kupiga mlio wa uongo, na alijua kwamba mlio wa uongo hausimamishi kitu. Kule kulikuwa na mtu anayefuata sheria, naye angekagua. Njia haikuwa imeziba. Ilipaswa izibe kwanza.

Alitoka mbio, kitu ambacho fundi bati hakutarajia kwa mzee wa umri ule. Akampokonya nyundo kwenye mapaja, ndizi ikaanguka.

"Mzee, kuna nini?"

"Shuka!"

Alipiga ukuta karibu na tundu lake, mahali matofali yalipokuwa yamechoka. Alipiga bati likakunjamana, akapiga reli ikapinda na kuinuka, akavuta matofali ya juu kwa mikono yakaangukia njiani. Mpumuo ulikuwa umefika katikati ya ukuta sasa, unakaza mwendo, na bati lilitetemeka mbele yake kama kifuniko cha chungu. Kupitia dirishani alimsikia mkewe akivuta hewa kwa vipande. Aliangusha tofali jingine, na jingine. Kisha akarudi ndani, vidole vikivuja damu, akapiga sita.

Kimya.

Akapiga sita tena.

Kengele ikajibu, sita, moja baada ya nyingine, kwa utulivu kamili wa mtu aliye kazini. Nje chuma kilisaga juu ya chuma, sauti ndefu, nyembamba, ikaja, ikaja, ikakoma chini ya bati la mwisho kabla ya matofali. Mkewe akavuta pumzi moja kama mtu aliyeibuka majini, akakohoa, akalia.

"Mzee!" fundi aliita kutoka nje. "Hili bati linaunguza mkono!"

"Usilifungue!"

Hakulifungua. Aliondoka bila nyundo na bila ngazi, na hakurudi kuvichukua.

Siku zilizofuata Juu aliyafikiria mambo kwa utaratibu, kwa kuwa sasa hakuthubutu kuyafikiria kwa njia nyingine. Injini iko njiani, imesimama kwa amri yake. Haiwezi kurudishwa nyuma, maana aliyeikubali yuko upande huu. Haiwezi kuendelea, maana njia imeziba. Sheria inasema aliyepiga sita haruhusiwi kuondoka kwenye kituo chake mpaka kizuizi kiondolewe, na kizuizi hakitaondolewa. Aliita mwashi, akaongeza matofali juu ya yale yaliyoanguka, akayashika kwa saruji. Mwashi aliuliza kwa nini anajenga rundo mahali palipohitaji kujengwa ukuta. Juu alisema ndivyo anavyotaka.

Waya hakuigusa. Betri za sanduku alizibadilisha kabla hazijachoka, na kila asubuhi alitazama mshale kabla hajaosha uso.

Mashine ya kushona ilihamishiwa chumba cha nyuma. Ilibidi sehemu ya stesheni iondolewe ili ipate nafasi, na Juu alilitoa tangi la maji na nusu ya jukwaa bila kusema neno. Mkewe alishona huku amempa sanduku mgongo. Alisema yuko salama, pumzi zimerudi, isipokuwa zile chache za mwisho ndani kabisa, ambazo hazifiki. Wateja walikuja, wakapimwa nguo, wakaulizwa habari za nyumbani. Bati la mwisho juu ya ukuta halikupoa. Mvua iliponyesha lilitoa mvuke.

Na kengele iliuliza. Lilikuwa swali jipya, mlio ambao Juu alikuwa ameusikia mara chache sana kazini: je, njia imefunguka? Lilikuja bila haraka, na likiisha kuulizwa lilisubiri muda unaostahili kabla ya kuulizwa tena.

Mara ya kwanza lilipokuja, Juu alikuwa akikata dirisha. Alisikia mashine ikisimama, akageuka. Mkewe alikuwa bado ameketi, macho kwenye kitambaa, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka kutoka kwenye nguo na kunyooka nyuma yake, kuelekea kitufe, kidole kimetangulia.

"Siupeleki mimi," alisema bila kugeuka. "Unakwenda wenyewe."

Juu akaweka mkasi chini. Akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaushusha, akaubana juu ya goti lake. Ulikuwa na joto, nao ulivuta kwa nguvu ambayo mkono wa fundi cherehani hauna. Kengele ikauliza mara ya pili. Wote wawili wakakaa kimya, wakitazamana usoni, na kukataa.